Tromboni Mbili na Kikombe cha Baba

Kimihurura, Kigali
Jumapili alasiri, Juni 1992

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta barazani na siyo kitandani. Bega linaendeleaje? Naanza na bega kwa sababu mwenye bega nikimuuliza hali atasema ni mzima, hata kama usiku hakupata usingizi.

Mimi sijambo. Shangazi Paulina naye hajambo, na sasa hivi ameketi nami mezani anachagua maharage, huku akiniuliza kila mara nimefika wapi. Mumewe, Baba Eriki, alirudi wiki kadhaa zilizopita na lori lake kutoka mpakani Rusumo, naye ndiye aliyeniletea barua ya Mama. Akiondoka tena atachukua hii, pamoja na mzigo mmoja. Tafadhali soma barua yote kabla ya kuufungua mzigo. Najua hutafanya hivyo, lakini nimesema.

Nimechoka, Baba. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Ulipokuwa unanisindikiza uliniambia niandike mambo yalivyo, basi ndivyo yalivyo. Siumwi popote. Ni uchovu wa kuamka na kukuta jana bado haijaisha. Maji ya bomba hutoka yanapotaka yenyewe, kwa hiyo kabla ya shule tunateremka bondeni na madumu, halafu napandisha kwa miguu mpaka Kacyiru. Masomo yote ni kwa Kifaransa. Siku hizi nakielewa, lakini jioni kichwa huwa kizito kama nilikuwa nimekibebesha mkungu wa ndizi. Vita viko kaskazini, mbali na sisi, ila waliovikimbia wamefika mpaka pembezoni mwa mji na kujenga vibanda vya turubai. Darasani tumebanana hadi daftari langu linaishia kwenye kiwiko cha jirani. Hata majirani hapa mtaani husalimiana kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa ndani ya kila nyumba.

Halafu kuna kizuizi cha askari barabarani, huku wanakiita bariyeri. Siku ya kwanza nilipopita na mfuko mrefu begani, askari mmoja kijana alinitoa kwenye foleni.

“Iko nini humo?”

“Tromboni.”

“Tromboni iko nini?”

“Ni tarumbeta. La kuvuta.”

“Inapiga risasi ngapi?”

Watu walicheka, lakini kidogo. Nikafungua mfuko. Akachungulia ndani, akaigusa kwa ncha ya kidole, akasema, “Basi piga, tusikie kama hutudanganyi.”

Unanijua, Baba. Mimi ndiye yule aliyeombwa kusoma somo kanisani akaenda kujificha nyuma ya kengele. Nilisimama kwenye vumbi mbele ya foleni nzima, nikapiga ubeti mmoja wa wimbo wa mazishi, kwa sababu ndio pekee uliokuja kichwani. Askari akavua kofia. Alipogundua kwamba ameivua akakasirika sana. “Pita! Pita haraka! Kesho upige ya arusi!” Tangu siku hiyo ananiita Muziki, lakini karatasi zangu bado anazisoma kila siku kama hajawahi kuniona.

Sasa nikueleze nilikuwa napeleka wapi tromboni. Mwalimu wetu wa muziki ni mzee wa Kibelgiji tunayemwita Mesiye Pol. Kabla ya kuja hapa alifundisha Bukavu miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili anakijua, cha kule. Ndiye anayeongoza bendi ya shule. Muhula huu ukiisha anarudi kwao, kama wageni wengi wanavyorudi. Ana tromboni mbili, mali yake mwenyewe. Aliniita baada ya kipindi akasema, “Adela, moja iko yako. Moja itabakia ya masomo, na ya masomo haitoke mulangoni. Wewe unachagula wa kwanza. Lakini usichagule na macho.” Masomo kwake ni shule. Akaniruhusu nizijaribu kwa zamu mpaka mwisho wa muhula, popote ninapopiga.

Mimi niliyejifunzia kwenye tarumbeta la usharika lililofungwa kwa waya, leo naambiwa nichague! Sikujua hata nianzie wapi kushukuru. Nilisema “Merci” na kukimbia.

Ya kwanza ni ndogo na nyepesi. Bomba lake ni jembamba, haili pumzi nyingi, na sauti yake ni kali, inang'aa. Ya pili ni kubwa na nzito, kinywa chake cha mbele kipana kama sinia, na huku nyuma ina bomba jingine lililojikunja. Bomba hilo hufunguliwa kwa kibonyezo cha kidole gumba cha kushoto. Mimi nilidhani ni pambo.

Napiga sehemu tatu. Kuna bendi ya shule, ambayo inapiga ikitembea. Kuna kikundi chetu kidogo cha kanisani, wapigaji wanne tu, kwa ibada na mazishi. Na kuna ya tatu, nayo nakuomba usikunje uso: orkestra ya arusi ya Mzee Sudi wa Nyamirambo.

Usimlaumu Shangazi. Mzee Sudi ndiye fundi anayemshonea nguo. Siku moja alileta gauni akanisikia nikifanya mazoezi uani, na mpiga tromboni wake alikuwa amehama mji. Arusi za siku hizi ni za mchana, zinakwisha jua halijatua kwa sababu usiku hairuhusiwi kutembea, kwa hiyo Shangazi alikubali, kwa sharti kwamba naye awepo. Huketi nyuma yangu na soda yake na kuwatazama wapiga gitaa kama polisi.

Niliwapigia kwanza ile kubwa. Mzee Sudi alisimamisha orkestra nzima.

“Binti! Hiyo iko ya kulaza mutoto. Hapa tunaoa!”

Wiki iliyofuata nilikwenda na ndogo. Sikumaliza hata mstari mmoja.

“Eee! Hapo! Sasa iko nasema! Mama Eriki, huyu mutoto mulikuwa munamuficha wapi?”

“Alikuwa anasoma,” Shangazi akajibu.

“Kusoma iko vizuri. Lakini kitabu haichezeshi bibi arusi.”

Na kweli, bibi arusi alikuwa anacheza, na shangazi zake pia, na mimi nilikuwa napiga bila kutazama karatasi. Baba, tangu nifike mji huu hiyo ndiyo siku ya kwanza niliposahau kuona haya. Nilisahau pia bariyeri na madumu ya maji. Baadaye Mzee Sudi akaniambia wazi: “Ukichukua hii ndogo, kiti iko yako kila Jumamosi. Hiyo nyingine, hapana. Inafunika muimbaji kama blanketi.”

Kanisani nako ile kubwa ilinitesa. Noti za chini zilitetemeka, za juu zilichacha, wenzangu wakawa wananitazama kwa huruma. Basi nilimwambia Mesiye Pol kwamba nimechagua ndogo. Aliinua nyusi. “Hata kwa nyimbo za kanisa?” Nikasema hata kwa hizo. Akasema nijaribu tena mpaka muhula uishe, asingeandika jina langu bado.

Ndipo ikaja barua ya Mama.

Usimkasirikie. Wewe uliniandikia kwamba ulianguka kidogo na baiskeli na kwamba dawa ya kuchua imesaidia. Mama ameniandikia kwamba mkono wa kulia unanyooka nusu tu. Ameniambia kwamba kwenye mazishi sasa unasimama pembeni, umeshika kitabu cha nyimbo badala ya tromboni, unawahesabia wenzako ubeti, na kwamba sauti ya chini haina mtu. Ameniambia pia kwamba ukifika nyumbani husemi na mtu mpaka kesho yake. Niliisoma barua hiyo bondeni kwenye foleni ya maji, na zamu yangu ikapita bila mimi kujua.

Siku chache baadaye kikundi chetu cha kanisani kiliitwa Gahanga, bibi wa mwenzetu amefariki. Ni shamba, kusini mwa mji, na kaburi lilichimbwa kwenye migomba kama kwetu. Watu walikuwa wengi, wamejibana kati ya mashina. Nilikuwa na ile ndogo. Unajua mwenyewe nyimbo zile zinavyoshuka kwenye ile noti ya fa ya chini, ambayo lazima mkono unyooke karibu wote. Mbele yangu alisimama mzee mmoja mwenye kofia nyeusi. Ubeti wa kwanza nilimwonea huruma, nikavuta nusu, noti ikatoka chungu hadi mchungaji akageuka. Ubeti wa pili nikasema liwalo na liwe, nikanyoosha mkono. Bomba likampiga mzee kisogoni na kofia ikaanguka kaburini.

Baba, nilitamani kuifuata humo humo. Muziki ukakatika. Kijana mmoja akaanza kushuka ili aichukue, lakini mzee akamshika shati.

“Muache. Miaka yote alikuwa ananiambia nitupe hiyo kofia.”

Kumbe ndiye mume wa marehemu. Watu wakacheka, na katika kucheka wakaanza kulia upya, naye akanigeukia na kuniambia, “Piga, mwanangu, piga. Nitainama.” Na kweli, kila tulipofika kwenye fa, mzee mfiwa yule aliinamisha kichwa ili nipate nafasi.

Njia yote ya kurudi mkono ulikuwa unaniuma, nami nilikuwa nafikiria mkono wako. Mkono wangu ni mzima ila umekosa nafasi. Wako una nafasi ila hauendi. Nyumbani nyote mnasimama kwenye migomba, na fa iko kule kule mbali.

Kesho yake nilimweleza Mesiye Pol habari za kofia. Alicheka mpaka akafuta miwani. Kisha nikamweleza habari zako. Hapo hakucheka. Aliichukua ile kubwa akanipa. “Piga fa. Ya chini. Lakini usivute kitu. Finya tu kidole.” Nikabonyeza, nikapuliza. Ikatoka sauti ya ng'ombe mwenye homa.

“Unaona?” nikasema. “Ni mbovu.”

“Unapuliza na nini?”

Sikumwelewa. Nikachomoa kikombe cha kupulizia nikampa. Unakijua kikombe hicho, Baba, ni chako. Ndicho ulichonifungia kwenye leso stendi ya basi. Si desturi yetu? Chombo ni cha usharika, leo anakishika huyu na kesho yule, lakini kikombe ni cha mtu na hakiazimishwi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza sikuwahi kupulizia kitu kingine. Kikombe kilichokuja na ile tromboni kubwa nilikiacha ndani ya sanduku lake, kwa heshima, nikidhani ni cha Mesiye Pol mwenyewe, na kwamba kukitia mdomoni ni kama kulalia mto wa mtu.

Mesiye Pol alikitumbukiza chako kwenye ile kubwa akakitikisa. Kilicheza mle ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. “Wiki hizi zote,” akasema, “ulikuwa nasikia kosa ya kikombe. Tromboni haina kosa.” Akatia kile chake kikubwa. “Sasa, finya.”

Nikabonyeza. Fa ikatoka. Ilikuwa nene na laini, ikajaza chumba bila kelele, na mkono wangu wa kulia ulikuwa bado umetulia mbele ya kifua, haujasogea hata kidogo. Nikajaribu do ya chini, ile nyingine inayohitaji mkono mrefu. Nayo iko pale pale, kidole tu. Nikakaa chini kwenye kiti cha mwalimu bila ruhusa.

Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Nilikasirika. Siku zote hizo kikombe ndicho kilichokuwa kinanichagulia, nami nilikuwa nimelala vizuri. Sasa ikabidi nichague mwenyewe. Nilizunguka na jambo hilo siku kadhaa. Hesabu hazikuniingia, na Shangazi alinipima homa kwa mgongo wa mkono wake. Ile kubwa ukitembea nayo kwenye gwaride bega la kushoto linawaka moto. Kwenye arusi ni blanketi, Mzee Sudi alisema kweli, hata nikiipulizia kwa kikombe chake. Inapofaa ni mahali pa watu waliosimama wamegusana, wanaoimba polepole, na mtu wa sauti ya chini anatakiwa asikike bila kumfunika mwingine. Mahali hapo napajua. Ni pale unaposimama na kitabu.

Nilimwambia Mesiye Pol, “Kubwa.”

“Kwako?”

“Kwa baba.”

Akasema basi ataipaka mafuta vizuri, njia ni ya vumbi.

Kwa Mzee Sudi nilikwenda na Shangazi, lakini nilimwomba aniache niseme mwenyewe. Mzee alikuwa kwenye cherehani nilipomweleza.

“Umenivunja mugongo, binti. Baba yako iko mugonjwa ya nini?”

“Bega.”

“Bega tu? Si apige ngoma? Ngoma iko mingi!”

“Ngoma nayo inataka bega, Mzee.”

Akasimamisha cherehani. Akamwambia Shangazi, “Kumbe inajua kusema, hii mutoto yako.” Akaukata uzi kwa meno. “Mimi pia nilikuwa na baba. Nenda. Lakini kiti siwezi kuiacha wazi, arusi haingoji.” Kabla ya Jumamosi alikuwa amepata mtu wa saksofoni. Jumamosi hiyo gari la arusi lilipita hapa chini, nikawatambua wote kwa sauti. Nikaendelea kuosha sufuria.

Tromboni ndogo imebaki ya shule na haitoki getini. Nitaipiga kwenye bendi mpaka nimalize. Kwa hiyo usiseme nimebaki mikono mitupu, na tafadhali usiirudishe. Nimechoka mno, siwezi kuchagua mara ya pili.

Mambo ya kukumbuka ni machache. Mkono wa kushoto ndio unaobeba uzito wote, kwa hiyo mwanzoni piga umeketi. Inakula pumzi, usipige kabla hujala. Vuta mpaka pale mkono unapofika bila maumivu, basi. Zile noti za mbali zimekuja karibu, zitafute kwa kidole gumba. Mwambie Baba Mdogo Elisha, mwenye tarumbeta la kwanza, asikichezee kibonyezo.

Kwenye sanduku utakuta kikombe chake. Hicho ndicho chako sasa. Kile cha zamani sikirudishi. Kinaingia sawasawa kwenye ile ndogo ya shule, nami nimeshazoea ladha yake.

Jambo moja la kuchekesha. Kuanzia hapa hadi Rusumo kuna bariyeri nyingi, na Baba Eriki alikuwa na wasiwasi askari wakikuta sanduku refu atawaeleza nini. Basi wiki nzima nimekuwa nikimfundisha noti moja, uani, huku Shangazi ameziba masikio. Nimemfundisha fa ya chini, kwa kidole gumba. Mwanzoni mbuzi wa jirani walimjibu. Jana aliipiga vizuri kabisa, akaniuliza, “Ni hii tu baba yako anaililia?” Nikasema ni hii tu.

Nisalimie Mama, na umwambie asante kwa kuniandikia yale usiyoyaandika. Nisalimie Bibi, umwambie nakula. Nisalimie mdogo wangu Method, aache kupanda baiskeli yako kwenye ule mteremko. Salamu kwa Baba Mdogo Elisha na wapigaji wote, na mzee wa ngoma. Shangazi anakusalimu, anasema maharage yamekwisha kuchaguliwa na mimi bado naandika.

Siku utakaposimama tena kwenye migomba, usinyooshe mkono, Baba. Fa imepigwa kila kizuizi kutoka Kigali mpaka mpakani. Itakuwa imeshaijua njia.

Ni mimi binti yako, ninayesinzia juu ya karatasi,

Adela